Shamba la Mfalme Hunywa Mwisho

Hapo zamani, mimi sijazaliwa, na bibi yangu aliyenisimulia naye hajazaliwa, kulikuwa na mlima uitwao Ndambwe. Juu ya mlima kulikuwa na watu, na watu hao walikuwa na mfalme. Sogeeni karibu. Anayepukuchua mahindi aendelee kupukuchua, mikono haizuii masikio.

Ndambwe haukuwa na mto. Ulikuwa na chemchemi moja tu, nyembamba kama mkono wa mtoto. Basi watu waliijengea ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo, maji yakawa yanajikusanya humo tangu jioni. Asubuhi kizibo cha gogo kinavutwa, maji yanateremka mferejini, na kila shamba linakunywa kwa zamu. Zamu ilipimwa kwa kijiti kilichosimikwa ukingoni. Kivuli cha kijiti kikigusa jiwe lako, unaziba mlango wako kwa udongo, unamwachia mwenzako. Hakuna cha "ngoja kidogo."

Na zamu zilikuwa na mpangilio wake. Wa kwanza mjane. Baada yake wenye watoto wachanga. Halafu wengine, halafu wengine. Na wa mwisho kabisa, maji yakibaki, mfalme.

Ndiyo, mfalme. Msinitazame hivyo.

Kwa sababu mfalme wa Ndambwe hakuzaliwa mfalme, alipakwa. Siku ya kumpaka watu wote waliketi, na mzee mmoja akawasomea habari za wafalme wa kale wa Israeli: Sauli aliyekuwa mrefu kuliko wenzake, Daudi aliyetolewa machungani, Sulemani aliyeomba hekima. Waliwasoma na mema yao na aibu zao, hawakuruka ukurasa. Kisha mtunza pembe alisimama na pembe ya mafuta. Kabla hajamwaga hata tone, mfalme alitakiwa kuahidi mambo matatu, kwa sauti, kila mtu asikie.

La kwanza: "Sitafuga ng'ombe wengi kuliko majani ya mlima huu."

La pili: "Sitaoa wake wengi kuliko ninaoweza kuwasikiliza." Hapo wanawake walikuwa wanacheka, na mfalme alitakiwa asubiri wamalize kucheka.

La tatu: "Na shamba langu litakunywa mwisho."

Ndipo mafuta yakamwagwa.

Sasa, mfalme wa wakati huo aliitwa Kirumbe. Nisimseme vibaya kabla ya wakati wake. Alikuwa mfalme mwema. Ukame ulipokuja mwaka wa kwanza, maji yalitosha mashamba matano, sita ukibahatisha. Shamba la Kirumbe halikupata tone. Mahindi yake yalijikunja, yakawa kama masikio ya sungura aliyeogopa. Kirumbe akaenda kwa jirani na kikapu, akasema, "Shikamoo mama, nisaidie viazi." Mfalme! Watu walimpenda mpaka wakawa wanamwona mrefu.

Mwaka wa pili ukame ukarudi. Na mwaka huo Kirumbe alipata wageni.

Walikuwa wafalme wawili wa milima ya upande wa pili, watu wa farasi na ngozi za chui. Walikula viazi vya kuombwa, wakatoka nje kunyoosha miguu, wakaliona shamba la mwenyeji wao.

Mmoja akauliza, "Hili ni la nani?"

Kirumbe akasema, "La kwangu."

"La kwako wewe mfalme, au la kwako mtumwa wa nyumbani?"

Wakacheka. Mwenzake akaongeza, "Ndugu yangu, sisi tukija mwezi ujao kwa mapatano ya mipaka, tutakuja na watu wetu. Watu wetu wakiona mfalme mwenye shamba la vumbi, watasema hapa hakuna mfalme, hapa kuna mlima tu."

Hayo maneno yalimwingia Kirumbe kama mwiba wa mchongoma. Kumbukeni jambo hili: hakuwa na njaa. Njaa aliizoea. Aibu ndiyo iliyomshinda.

Kule Ndambwe ilikuwa ruhusa majirani kubadilishana zamu. Una msiba, una safari, unamwambia mwenzako, "Chukua yangu leo, nipe yako kesho." Basi Kirumbe akamtuma mtu kwa mjane aliyekuwa na zamu ya kwanza. Jina lake Nasemba. Alikuwa anaishi na wajukuu watatu na shamba moja la maharage.

Mjumbe akasema, "Mama, Mfalme anakusalimu. Anaomba mbadilishane zamu. Siku moja tu, ana wageni."

Nasemba akasema, "Mfalme ni baba. Nitasemaje?"

Wiki ikapita, mjumbe akarudi. "Mama, Mfalme anakushukuru. Anaomba wiki moja tu."

Nasemba akasema, "Mfalme ni baba. Nitasemaje?"

Wiki ikaisha. Safari hii mjumbe hakuja. Maji yakaendelea tu kwenda kwa mfalme.

Na watu walipoanza kunong'ona, Kirumbe aliwajibu akiwa ametulia kabisa: "Sikumwibia mtu. Tumebadilishana. Mimi nina zamu yake, yeye ana zamu yangu. Ni mjane gani mwingine amewahi kupewa zamu ya kifalme?"

Mnaona? Zamu ya kifalme! Ile ya mwisho, ambayo maji hayafiki.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kila kitu kinasimama hapa. Kule Ndambwe shamba lilikuwa la ukoo, wewe unalilima tu. Shamba lisipotoa hata ungo mmoja wa chakula kwa misimu miwili mfululizo, ukoo unalichukua, unampa mwingine. Na aliyenyang'anywa hushuka kule chini nyikani kutafuta wa kumlisha, na malipo yake ni utumwa. Msimu uliopita wadudu walikuwa wamekula maharage yote ya Nasemba. Kwa hiyo msimu huu ulikuwa wa mwisho. Ungo mmoja, au nyikani na wajukuu watatu.

Basi, walitokea watu watatu. Shikeni majina, maana nitakuja kuwauliza.

Wa kwanza nitakayemtaja ni Naelijwa. Huyu alikuwa msimamizi wa mfereji, mwanamke wa mabega mapana, jembe lake kwa uzito hakuna mwanamume aliyeliazima. Kila asubuhi yeye ndiye aliyevuta kizibo. Na shamba lake lilipakana na la Nasemba, na yeye alikuwa na zamu ya pili kwa sababu ya mtoto wake anyonyaye.

Mfalme alipochukua zamu ya kwanza, Naelijwa alivuta kizibo kama alivyoagizwa, akayapeleka maji kwa mfalme. Hakusema neno. Lakini zamu yake ilipofika, alichimba mfereji mdogo mwembamba kutoka shambani kwake mpaka kwa Nasemba, akaufunika kwa majani ya migomba. Nusu ya maji akanywesha yake. Nusu akampa mjane.

Siku ya kwanza nusu. Siku ya pili nusu. Mwezi mzima nusu.

Mumewe alimuuliza, "Mama Elieza, mbona mahindi yetu yamekuwa ya njano?"

"Yamechoka."

"Mahindi yanachoka?"

"Wewe huchoki?"

Mume akaenda zake kupalilia. Alimjua mke wake.

Kwa hiyo maharage ya Nasemba hayakufa na hayakupona. Yalikuwa yanapumua tu.

Wa pili ni Mzee Kangero, mtunza pembe. Kazi yake ilikuwa ndogo na ngumu: kulinda pembe ya mafuta, na kila msimu wa kupanda kusimama mbele ya mfalme na kumkumbusha zile ahadi tatu. Msimu ule hakusimama. Alikuwa na sababu. Mara mgongo. Mara mfalme ana wageni. Mara tusubiri labda mvua itakuja, jambo lijimalize lenyewe. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, mgongo wako unauma siku zile tu za kwenda kwa mfalme."

Mwezi mzima mgongo ulimuuma.

Mpaka siku moja alipita njia ya shambani kwa Nasemba, akamkuta mama wa watu anang'oa maharage ya ukingoni, yaliyokauka, maganda yake matupu. Kangero akauliza, "Unafanya nini, shemeji?"

"Nayapunguza, shemeji. Machache yanywe, mengi yafe. Ningefanyaje? Nusu anayonipa Naelijwa kwa siri haitoshi."

Kangero hakwenda nyumbani. Aliyaokota yale maharage makavu, akayafunga kitita, akapanda nayo mpaka uani kwa mfalme. Siku hiyo wageni wa mipaka walikuwa wamefika na watu wao. Sinia la chakula lilikuwa katikati, wali na nyama. Kangero hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja, akaweka kile kitita juu ya wali.

"Kula, Mfalme," akasema. "Haya ndiyo mavuno yako."

Wageni wakarudisha matonge siniani. 

Kirumbe akasema, "Mzee Kangero, umelewa?"

"Ningekuwa nimelewa ningekuja mapema. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na akili zangu zote. Mfalme, uliahidi mambo matatu. Ng'ombe wako hawajazidi majani. Mkeo ni mmoja na unamsikiliza. Lakini lile la tatu umelikanyaga. Umelichukua shamba la mjane kwa neno 'tumebadilishana'. Isingekuwa Naelijwa kumpa nusu ya maji yake kwa siri, mama yule angekuwa ameshashuka nyikani!"

Aa, Mzee Kangero. Hapo ndipo ulimi ulipompita. Naelijwa aliufunika mfereji wake kwa majani ya migomba, yeye akaufunua mbele ya watu wote.

Mgeni mmoja akamtazama Kirumbe akatabasamu pembeni mwa mdomo. Basi. Lile tabasamu lilimwaga kila kitu.

Kirumbe akasimama. "Mtoeni huyu mzee mlimani! Na ule mfereji wa wizi uzibwe leo hii!"

Kangero aliteremshwa nyikani siku hiyo hiyo, mzee wa miaka sabini, bila fimbo. Pembe wakaipokonya, wakaitundika kwa mfalme. Na mfereji mdogo wa Naelijwa wakauziba kwa mawe, wakaweka mlinzi.

Siku ya kwanza Nasemba hakupata tone. Siku ya pili hakupata tone. Siku ya tatu Naelijwa alibeba kibuyu mgongoni, mlinzi akakimwaga. Siku sita zikapita, maharage yakainama, majani yakageuka chini juu.

Sasa mfalme alikuwa hamwamini tena Naelijwa. Siku ya saba alipanda ndivani mwenyewe asubuhi, avute kizibo kwa mkono wake. Naelijwa naye alikuwa kule, anazibua takataka. Watu wengine hawajafika. Kirumbe aliingia kwenye tope, akalishika gogo, akalivuta kwa hasira. Gogo likatoka, yeye akateleza. Mguu wake ukaingia kwenye tundu la kizibo mpaka pajani, na maji yote ya ndiva yakamwegemea. Maji yaliyosimama ni mazito jamani, msiyaone yametulia. Yalimfika kifuani, yakamfika shingoni.

"Naelijwa!" akaita. "Naelijwa, nishike!"

Naelijwa alikuwa amesimama ukingoni na jembe lake.

Bibi yangu akifika hapa alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Kwa sababu Naelijwa hakukimbia kumsaidia. Alisimama. Hakuna aliyekuwa anamwona. Asingehitaji hata kumgusa, angekaa tu kimya, kama alivyokaa kimya mwezi mzima. Na kesho yake maji yangerudi kwa Nasemba.

Alisimama kiasi cha mtu kupumua mara tatu. Kisha akanyoosha mpini wa jembe.

"Shika!"

Alimvuta mpaka mpini ukalia. Mfalme akatoka ametapakaa tope, kiatu kimoja kimebaki humo ndani. Akalala ukingoni anakohoa. Alipopata pumzi akauliza, "Kwa nini hukuniacha?"

Naelijwa akasema, "Mafuta yaliyo kichwani kwako sikuyamwaga mimi. Siwezi kuyafuta mimi."

Kirumbe akakaa. Akauliza tena, "Na kama uliona nakosea, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na wa kukuambia. Ulimfanyaje?"

Mfalme akainuka, akaanza kuteremka.

Huyo ndiye mtu wangu wa tatu. Kirumbe mwenyewe.

Siku ile ilikuwa siku ya gulio. Kirumbe hakwenda nyumbani kuoga. Alishuka na tope lake, kiatu kimoja, mpaka katikati ya gulio penye wauza chumvi. Watu wakadhani amerukwa na akili. Mama mmoja akasema, "Mleteeni maji huyu," mwingine akamjibu, "Maji si anayo yote yeye!"

Kirumbe akayasikia. Akasema, "Kweli mama. Ninayo yote. Mimi ndiye niliyelikausha shamba la Nasemba. Sikubadilishana naye. Nilimnyang'anya. Aliniambia mimi ni baba, nikalitumia neno hilo kumfunga. Hakuna aliyenishauri, si wageni, si mjumbe. Ni mimi."

Akavua kikuku chake cha ufalme, akakiweka juu ya mfuko wa chumvi. Akatuma maji yarudi kwa Nasemba saa ile ile. Kisha akaondoka peke yake kwa miguu, akashuka nyikani, akamtafuta Kangero siku mbili. Alimkuta kwenye kibanda cha wachunga mbuzi, ana homa, anatetemeka. Alipiga magoti. Kangero akafumbua jicho moja.

"Ni wewe, au ni homa?"

"Ni mimi, baba. Nimekosa."

"Basi niinue. Tutaongea juu, huku chini kuna mbu."

Kirumbe alimbeba mgongoni mpaka mlimani. Na tangu siku hiyo, kila alfajiri, mfalme asiye na kikuku alionekana na kibuyu begani akipeleka maji ya nyongeza kwenye shamba la Nasemba, shina kwa shina. Alipalilia. Alifukuza ndege. Shamba lake mwenyewe likafa kabisa, hata panya walilihama.

Siku ya mavuno ikafika. Mkubwa wa ukoo alikuja na ungo, akaketi. Watu walikuja wengi kuliko harusini. Nasemba alivuna, wajukuu wakapura, wakapeta. Wakamimina unguni. Maharage yakafika nusu. Wakamimina. Yakapita nusu. Mkubwa wa ukoo akatikisa ungo yajisawazishe, watu wakaguna, "Usitikise, mzee!" Wakamimina ya mwisho. Yakafika ukingoni. Hayakuzidi hata konzi moja.

"Umejaa," akasema mkubwa wa ukoo. "Shamba ni lake."

Vigelegele! Nasemba hakupiga kigelegele. Alikaa chini tu, akaukumbatia ungo.

Lakini furaha haikukaa. Kwa sababu Ndambwe haikuwa na mfalme. Kirumbe alikuwa amevua kikuku, na sheria ilisema aliyevunja ahadi mafuta yake yamekauka: ama apakwe upya, ama apakwe mwingine. Na mafuta ya kupaka yalikamuliwa mara moja kwa kila utawala, kwa siku saba na watu saba, na pembe ilikuwa na ya kichwa kimoja. Basi wakaketi kuulizana. Na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Vijana wa mfereji walisema, "Apakwe Naelijwa! Mizizi ya maharage ilikuwa hai kwa sababu ya nusu ya maji yake. Ameacha mahindi yake yawe ya njano. Na adui yake alipokuwa mikononi mwake, alimvuta. Daudi alimkuta Sauli pangoni, akaacha kumuua. Si mlisomewa? Huyo ndiye moyo wa mfalme."

Mkewe Kangero akadakia, "Moyo anao, mdomo je? Mwezi mzima alivuta kizibo kwa mkono wake akampa mfalme maji ya mjane. Kwa siri anatoa nusu, hadharani anatii. Mkimpa ufalme, siku watu wakubwa wakitaka baya, atakataa au atatafuta majani ya migomba?"

Naelijwa akainamisha kichwa. Akasema, "Ni kweli. Niliogopa kusema. Niliona kutenda ni rahisi kuliko kusema."

Wazee wakasema, "Basi apakwe Kangero! Nabii alimwendea Daudi usoni, na Kangero alikwenda usoni. Bila lile neno, mfalme angejuaje kwamba watu wanajua? Mtu wa ukweli ni huyu, na ukweli umemgharimu, tazameni anavyotetemeka."

Mume wa Naelijwa, yule mtu mkimya, siku hiyo alisimama. "Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini alichelewa mwezi mzima kwa ajili ya mgongo. Na alipokuja kusema, alisema mpaka visivyomhusu. Siku sita za ukavu zilitoka mdomoni mwake. Ukweli wake ulikuwa wa moto, ukaunguza na yule aliyekuja kumwokoa."

Kangero kutoka kwenye mkeka wake wa homa akasema, "Nimesikia, mwanangu. Niliposema, nilitaka mjane apone. Na kidogo, kidogo tu, nilitaka pia wale wageni wanione." Watu wakashangaa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ndipo muuza chumvi, yule ambaye kikuku kilikaa juu ya mfuko wake, akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Mimi nasema apakwe Kirumbe."

"Yupi? Mwizi?"

"Huyo huyo. Mnamkumbuka Sauli? Alipoambiwa kosa lake alisema ni watu ndio waliotaka. Na Daudi alipoambiwa alisema nini? Alisema nimekosa, akakomea hapo. Wote wawili walikosa, na mmoja alikataliwa, mwingine akabaki. Nilimsikia Kirumbe kwa masikio yangu akisema si wageni, si mjumbe, ni mimi. Mfalme mpya ninyi hamjui atafanya nini siku akiona aibu. Huyu tunajua. Amefika chini kabisa, na amepanda akiwa amembeba mzee mgongoni."

Mama mmoja akainuka kwa nguvu mpaka kitenge kikamfunguka. "Na Uria je, yule ambaye Daudi alimuua ili amchukue mkewe? Daudi alilia, akasamehewa, lakini Uria alifufuka? Kama maharage yangepungua konzi moja, leo Nasemba angekuwa nyikani, na hiki kilio chenu cha toba kingemsaidia nini? Msamaha apewe, simkatalii. Ufalme ni kitu kingine!"

Kirumbe alipoulizwa anasemaje, alisema, "Msinipake. Ninajua ninachoweza kufanya." Basi hayo nayo yakawagawa. Wengine walisema, "Umeona? Mwenyewe amekataa." Wengine walisema, "Anayejua anachoweza kufanya ndiye pekee wa kuaminiwa."

Wakabishana mpaka wakakauka. Mwisho wakasema, "Aliyeonewa ni Nasemba. Aliyeokolewa ni Nasemba. Yeye achague." Wakamwekea pembe mikononi. Wale watatu wakapiga magoti mbele yake, Naelijwa, Kangero ameshikiliwa kwa homa, na Kirumbe aliyesukumwa apige magoti hata kama hataki.

Nasemba akawatazama. Akasema, "Subirini kwanza. Mnaniuliza nani alinitendea mema, au mnaniuliza nani atawafaa ninyi na watoto wenu? Maana mimi naona hayo ni maswali mawili, na pembe ni moja."



Bibi yangu alikuwa akisema ni Naelijwa, asibishiwe. Marehemu mume wangu, siku tulipokuwa tunachagua mzee wa kanisa, aliniambia usiku kucha alimuwaza Kangero, na asubuhi akampigia kura mtu wa aina ya Kirumbe, na hakuwahi kunieleza kwa nini. Mama mkwe wangu alisema angeyamimina mafuta yote udongoni, mlima ukae bila mfalme. Mimi nimebadilisha mara tatu. Nilipokuwa na watoto wachanga nilikuwa upande wa mmoja, nilipofiwa nikawa upande wa mwingine, na mwaka huu, nikiwasikia redioni wanaoomba tuwachague, sina uhakika hata kidogo.

Basi Nasemba akainuka. Akaishika pembe kwa mikono miwili. Akasogea hatua moja, akaiinua juu ya vichwa vitatu, na mafuta yakaanza kuteremka ukingoni mwa pembe.

Haya, niambieni ninyi mnaopukuchua. Kichwa cha nani? Je, nani alistahili?